Sura ya Sita: Mstari wa Sitini na Mbili

Barua ilikuwa na mistari minne, na hasira ya kujaza daftari.

"Nafasi ya mama yangu imeuzwa. Alikuwa wa kumi kwenye orodha ya upasuaji wa macho, kadi namba 4717. Jana tumeambiwa hayumo. Mwizi yuko chumba cha kadi, njooni mumkamate."

Hapakuwa na salamu wala "wako mtiifu". Inspekta aliyekabidhiwa barua hiyo aliisoma mara mbili akiwa bado amesimama, akaona kwamba saba zote mbili zimekatwa tumboni kwa kimstari, akaikunja na kuitia mfukoni. Wenzake kituoni walimwita Sindano. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, wa miaka hamsini na mbili, na akiingia mahali husikii chochote mpaka umeshachomwa. Tena alikuwa na ugonjwa wa kuhesabu. Alihesabu ngazi, madirisha, vifungo vya shati la anayemhoji. Wakubwa wake walimcheka kwa hilo, halafu wakampa kesi zote zenye orodha, maana nani mwingine angezitaka?

Hospitali alifika saa tatu asubuhi. Nje ya kliniki ya macho kulikuwa na benchi refu la mbao lililokaliwa na watu kumi na wanne, na mmoja wao alisimama kabla hajaulizwa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa aproni ya mpishi wa shule, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Wewe ndiye afande? Barua niliandika mimi. Mama ndiye huyu."

Mama mtu hakusimama. Alikuwa mzee mwenye umbo dogo, kitambaa kimefungwa barabara kichwani, na nguo yake ilishonwa vizuri kuliko nguo yoyote kwenye benchi lile. Haikuwa ajabu. Alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshakufa. La kulia aliligeuza pembeni kidogo ili amwone mgeni, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo wamekutoa kazini kwa ajili yangu? Watu wana kazi zao."

"Mama, usianze," binti alidakia. "Afande, baba amefariki miezi minne tu iliyopita. Alikuwa fundi saa, wamekaa kibanda kimoja meza mbili tangu sijazaliwa. Sasa na macho ya mama nayo wanataka kuyala?"

Inspekta alichuchumaa mbele ya mzee. "Naomba nione kadi yako."

Fundi cherehani aliitoa kifuani, akaionyesha bila kuiachia. Kidole gumba kilifunika nusu yake. Namba 4717 ilisomeka, na chini yake tarehe ya miaka tisa iliyopita, kwa wino uliofifia kwa jasho. Inspekta alinyoosha mkono kuipokea. Kadi haikuja.

"Imechakaa," mzee alisema kwa upole. "Ukiivuta itachanika."

Inspekta hakuivuta. Aliandika hilo kwenye kijitabu chake, akaenda kwa daktari.

Daktari bingwa alikuwa mgeni, amekuja na timu yake kwa wiki moja. Kila baada ya miezi sita walikuja hivyo, wakapasua, wakaondoka. Alizungumza huku ananawa mikono.

"Huyo mama ana presha ya macho. Ingekuwa mtoto wa jicho ningekwambia asubiri, haidhuru. Hii presha ikila, imekula, hakuna wa kukurudishia. Jicho la kulia limebakiwa na kipande. Nikimpasua kesho, kipande kitabaki. Tukirudi baada ya miezi sita tutamkuta gizani."

"Basi mpasue."

"Vifaa nilivyoleta ni vya watu arobaini. Orodha si yangu, ni ya hospitali. Inaletwa hapa leo saa kumi jioni, natia sahihi, kesho asubuhi naanza. Aliyemo nampasua, asiyemo simjui." Alijifuta mikono, sauti ikashuka. "Juzi nilipokuwa nasoma vipimo vyake alisikia kifungo cha koti langu kikianguka. Akakishona palepale, kwa kupapasa. Mrudishe kwenye orodha kabla ya saa kumi, dada yangu. Nakuomba."

Inspekta alitazama saa ya ukutani. Saa nne kasoro robo.

Muuguzi wa mlangoni ndiye aliyemtonya la pili, tena bila kuombwa, maana hospitali haina siri ila ile ya mgonjwa mwenyewe. Mtu wa arobaini, yaani wa mwisho kupata, alikuwa shemeji wa karani wa kadi. Wiki iliyopita alikuwa wa arobaini na mbili, amekosa kwa watu wawili tu, akalalamika mpaka mate yakamwisha mdomoni. Juzi wametoka watu juu, naye kaingia. "Mimi sijasema kitu," muuguzi alimalizia, baada ya kusema kila kitu.

Karani wa kadi alikuwa mzee wa miaka hamsini na tisa na miezi tisa. Watu wote walimwita Babu Kadi, hata mganga mkuu. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja, kaunta yenye tundu la kupitishia kadi, na rafu ya vitabu vikubwa vya usajili kutoka zama za kabla ya kompyuta.

"Wa arobaini ni nani yako?" Inspekta alianza.

"Kaka wa mke wangu."

"Amejua lini kwamba amepata?"

"Jana, kama wengine."

"Na wewe?"

"Jana, kama wengine."

"Mwenye kadi 4717 unamfahamu?"

Babu Kadi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Ilikuwa safi. "Kadi ni nyingi, afande."

"Kitabu cha zamani alimoandikwa kiko wapi?"

"Kililiwa na mchwa."

Inspekta alikwisha kuihesabu rafu tangu alipoingia. "Vitabu vina namba mgongoni, kimoja mpaka ishirini na tatu. Naviona ishirini na viwili. Kinachokosekana ni cha kumi na tisa. Huyo mchwa anachagua cha kusoma?"

Mzee hakucheka. Mkono wake ulikwenda kwenye droo ya meza, ukakaa juu yake.

"Nastaafu baada ya miezi mitatu," alisema.

"Sijakuuliza hilo."

"Najua. Nakwambia tu."

Mpelelezi mwingine angetoa pingu hapohapo, akarudi kituoni kwa mbwembwe. Shemeji kapata, karani kasema uongo, kitabu kimefichwa. Ungetaka nini zaidi? Lakini Sindano alikuwa na swali lililomkera. Mtu aliyeuza nafasi wiki hii huficha simu yake. Huyu alificha kitabu cha miaka tisa iliyopita. Alimwambia asitoke chumbani, akapanda ngazi ishirini na moja kwenda chumba cha kompyuta.

Chumba kilikuwa na baridi ya kiyoyozi, na ndani yake alikaa msichana wa miaka ishirini na sita, amejifunika shali. Ndiye aliyeandika programu ya orodha. Aliposikia neno "polisi" alisimama, kiti kikaanguka.

"Nani alimfuta 4717?"

"Programu yangu, Jumatatu asubuhi. Ilikuwa siku ya kusafisha orodha."

"Nieleze inavyosafisha. Nieleze kama unamweleza mama yako."

"Mama yangu ni mhandisi."

"Basi nieleze kama unamweleza polisi."

Msichana alitabasamu kwa hofu, akageuza kioo cha kompyuta. "Nina orodha mbili. Hii ndefu ni ya wanaosubiri upasuaji. Hii fupi ni namba za kadi za wanaotakiwa kutoka: waliofariki, na waliopasuliwa kwingine. Programu inachukua mstari mmojammoja kwenye ile ndefu, inatazama namba, inauliza: namba hii imo kwenye orodha fupi? Kama haimo, mstari unavuka kwenda orodha mpya. Kama imo, unaachwa nyuma."

"Jina haitazami?"

"Hapana. Majina yanasumbua, mama. Mtu mmoja ameandikwa kwa herufi za aina tatu, na watu watatu wana jina moja. Namba ni ya mtu mmoja."

"Nani alikwambia?"

"Aliniambia nini?"

"Kwamba namba ni ya mtu mmoja."

Uso wa msichana ukabadilika. "Mungu wangu. Labda ni lile kosa langu la zamani. Mwanzoni nilikuwa nafuta huku natembea, ndani ya orodha ileile. Ukimfuta wa tano, wa sita anasogea anakuwa wa tano. Wewe umeshapiga hatua kwenda wa sita, kwa hiyo yule aliyesogea hukumkagua kabisa. Nilirekebisha mwaka jana, lakini labda..."

Inspekta alichukua kalamu tano mezani, akazipanga mstari, akajaribu. Aliondoa ya pili, akasogeza zilizobaki, akaruka kama alivyoelezwa. Alirudia tena, taratibu, midomo ikihesabu.

"Kosa hilo linaruka mtu," alisema mwishowe. "Anayetakiwa kutoka anabaki. Linakaribisha wafu, halifukuzi walio hai. Tuliache. Orodha fupi ina namba ngapi?"

"Sitini na moja."

"Zote zilionekana kwenye ile ndefu?"

"Zote. Nilikagua moja baada ya nyingine."

"Ile ndefu ilikuwa na mistari mingapi Jumapili?"

"Mia tatu na tisini na minane."

"Na baada ya kusafisha?"

"Mia tatu na thelathini na sita."

Inspekta alitoa kwa penseli, kwenye kijitabu, ingawa jibu alikuwa nalo. Alikizungusha kijitabu ili msichana asome mwenyewe.

"Sitini na miwili," msichana alinong'ona. "Namba sitini na moja, mistari sitini na miwili. Kwa nini sikuhesabu?"

"Kwa sababu wewe si mgonjwa kama mimi. Fungua nakala ya Jumapili. Nitafutie namba iliyoandikwa mara mbili."

Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Namba ilikuwa moja tu. Mstari wa tisa: 4717, jina la mwanamume. Mstari wa kumi: 4717, jina la mwanamke. Jina la ukoo la mwanamke lilikuwa la mwanamume yule.

"Mume amefariki," Inspekta alisema polepole. "Namba yake ikaja kwenye orodha fupi. Programu ikauliza namba, ikajibiwa ndiyo, mara mbili."

Msichana alijifunika uso kwa shali. "Nimemfuta bibi wa watu."

"Umefuta mstari. Mwenyewe yuko kwenye benchi pale chini, mzima, na sasa ni saa tano na nusu. Futa machozi, bado nakuhitaji. Namba za marehemu unazipata wapi?"

"Kwenye fomu za mazishi. Ndugu wa marehemu anajaza, pamoja na namba ya kadi ya hospitali, zinaletwa moja kwa moja hapa." Alivuta boksi, akapekua, akatoa karatasi moja.

Inspekta aliitazama. Mahali pa namba ya kadi paliandikwa 4717 kwa mkono, na saba zote mbili zilikatwa tumboni. Hakuhitaji kuitoa barua mfukoni, lakini aliitoa, akaziweka karatasi hizo pamoja. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila wahenga hawakusema ufanye nini pale aliyekuuma hajui kama ameuma. Alizikunja karatasi zote mbili. Moyo wake ulimwuma kwa ajili ya mpishi yule mwenye macho mekundu.

Alishuka kwanza kwa Babu Kadi. Hakumwuliza kitu. Aliweka kwenye kaunta karatasi iliyotoka kwenye printa, yenye mstari wa tisa na wa kumi.

Mzee aliisoma, akafungua droo. Kitabu cha kumi na tisa kilikuwa kizima, hakijaguswa na mdudu yeyote.

"Kliniki inaita kwa namba za kadi," alisema. "Namba witiri Jumatatu, namba shufwa Alhamisi. Ndivyo tulivyofanya miaka yote, ili watu wasijazane. Siku ile walikuja wawili. Mume haoni hata pua yake, mke ndiyo kwanza anaanza kuugua. Mume nikampa 4717, Jumatatu. Kadi inayofuata ni 4718, Alhamisi. Mke akaniuliza, 'Jumatatu nani atamshika mkono nikiwa kibandani? Na Alhamisi nikija mimi, yeye nimwache na nani?' Kufunga kibanda siku mbili hawawezi. Nikasema, ngojeni. Nikamwandika chini ya jina la mumewe, kadi moja. Kanuni inakataza. Lakini kwenye kitabu, afande, mtu mwenye macho anasoma majina mawili. Nani angejua kwamba ipo siku kitasomwa na kisichosoma majina?"

"Zilipoingizwa kwenye kompyuta hukusema?"

"Nilinyamaza. Niliogopa pensheni. Jana niliposikia ametoka ndipo nikaelewa, nikaficha kitabu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ila mimi kifo changu ningemwachia mama wa watu. Sikulala."

"Ulijua kwamba akirudi yeye, shemeji yako anatoka."

"Jicho la shemeji ndiyo kwanza linaanza, linasubiri kwa dawa ya matone. La yule mama halisubiri. Nitamwambia shemeji mwenyewe. Mke wangu ataninunia mpaka nistaafu, lakini hata hivyo alikuwa ameanza mazoezi." Alifuta miwani tena, na safari hii ilihitaji kufutwa. "Nipe ruhusa nimwandikie kadi yake. Ni kazi ya dakika tano. Halafu nifunge."

"Kukufunga si kazi ya leo," Inspekta alisema. "Utaeleza kwa maandishi ulichofanya, bila kupunguza. Kadi andika."

Inspekta alimkuta binti uani, penye mabomba ya maji. Alimwonyesha fomu ya mazishi, akamweleza yote kwa sentensi chache. Mpishi aliitazama hati yake mwenyewe muda mrefu.

"Ni mimi," alisema. "Nimempeleka polisi mzee wa watu kwa barua, na aliyemtoa mama ni mimi."

"Uliandika namba ya baba yako, na ilikuwa namba yake kweli. Hukukosea neno. Mama si lazima ajue. Mimi nina mdomo mgumu."

Mpishi alinawa uso bombani, wakarudi pamoja kwenye benchi. Saa nane na dakika kumi.

Inspekta alidhani kwamba kazi imekwisha. Alimweleza fundi cherehani kwamba nafasi yake haikuuzwa, kwamba ni namba tu iliyogongana, na kwamba Babu Kadi anamwandikia kadi mpya ili arudi kwenye orodha. Kinahitajika kidole chake tu kwenye wino.

"Kadi mpya sitaki," mzee alisema.

Binti alishtuka. "Mama?"

"Nina kadi. Hii hapa." Aliikumbatia kifuani. Alipoanza kusema tena alimwelekea Inspekta, labda kwa sababu ni rahisi kumwambia mgeni. "Mwanangu, nyumbani huyu binti yangu amegawa nguo za baba yake, na ndivyo ipasavyo, sikatai. Kibandani kwenye meza yake amekaa kijana anayetengeneza simu. Kila mahali ameshatoka. Jumatatu nikija hapa, muuguzi anaita namba, anasoma majina yote mawili, la kwake na la kwangu. Naitika. Miezi minne naitikia wawili, hakuna aliyeniuliza mwenzako yuko wapi. Hapa tu ndipo tulipobaki pamoja. Sasa mnanitaka nitie kidole ili mumtoe."

"Mama, utapofuka," binti alisema.

"Na nikiona, naona nini? Kiti chake."

Inspekta, aliyewahi kuhoji wauaji wasiopepesa macho, alikaa kwenye benchi, mahali pa mtu wa kumi na tano. Hakuwa na sheria yoyote ya kumlazimisha mtu aponywe. Saa ya ukutani ilisogea, na kwenye ukumbi wa upasuaji walianza kupanga vitanda vya kesho.

Mpishi ndiye aliyepiga magoti.

"Mama, namba niliiandika mimi," alisema. "Kwenye fomu ya mazishi ya baba. Niliisoma kwenye kadi yako ulipokuwa umelala. Sikujua kwamba na wewe umo. Nimekutoa mimi, kwa mkono huu, halafu nikaenda kumshitaki mtu."

Alikuwa analia bila sauti, kama watu waliozoea kulia jikoni. Mama yake alinyoosha mkono hewani, akautafuta uso, akaupata, akaupangusa kwa kiganja kuanzia paji mpaka kidevu.

"Nani alikwambia useme?"

"Hakuna."

"Ungenyamaza nisingejua."

"Ningejua mimi."

Kidole gumba cha fundi cherehani kilikuwa kinapapasa shavu la binti, kikisimama na kuendelea, kama kinafuata mshono. Aligeuza jicho lake pembeni, akamtafuta Inspekta.

"Unaona mambo?" alisema. "Nikipofuka, huyu atabeba mpaka kaburini kwamba ni yeye. Namjua, nilimzaa. Kila akinishika mkono kuvuka barabara atajiuliza." Aliipapasa kadi kifuani. "Kadi hii mtaichukua?"

"Hatuichukui," Inspekta alisema. "Hiyo ni yako. Mimi ndiye nasema."

"Haya. Niinueni."

Kadi mpya ilikuwa namba 9306. Babu Kadi aliishika kwa mikono miwili alipompa, akaomba radhi, na fundi cherehani akamjibu kwamba kwa miaka tisa hajapata kumshukuru, ashukuriwe sasa. Karani alimweleza tu kwamba 9306 ni shufwa, kwa hiyo atakuwa anakuja Alhamisi.

"Alhamisi sijawahi kuja," fundi cherehani alisema. "Sijui kama benchi ni hilihili."

Walipanda ngazi ishirini na moja taratibu, binti upande mmoja, Inspekta upande mwingine. Msichana wa kompyuta alikuwa amesimama mlangoni anawasubiri. Alimwamkia mzee karibu apige magoti. Ilikuwa saa tisa na nusu.

"Nimeirudisha mistari yote miwili mahali pake, bibi," alieleza. "Wanane wa juu hawakuguswa. Wa tisa ni babu, wa kumi ni wewe, na wewe nimekupa namba yako mpya. Sasa naipa programu namba 4717 peke yake. Nimeshaandika. Imebaki kubonyeza."

Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe.

"Ngoja," fundi cherehani alisema. "Anayetolewa ni mume wangu. Nimekaa naye miaka arobaini na minne. Nilimwosha uso asubuhi aliyokufa. Asitolewe na mtu asiyemjua."

Msichana alimtazama Inspekta. Inspekta aliitikia kwa kichwa.

Walimkalisha kwenye kiti. Msichana alimshika kidole cha shahada, kilichojaa makovu madogo ya sindano, akakiweka juu ya kitufe. Mzee alikipapasa kitufe, ukubwa wake, kingo zake. Alisema jina la mumewe, jina la nyumbani ambalo hakuna aliyekuwa akilijua zaidi yake. Akabonyeza.

"Tayari?" aliuliza.

"Tayari, bibi. Imeondoa mstari mmoja."

"Mmoja tu?"

"Mmoja tu. Nimehesabu mara tatu." Msichana aliinamia kioo. "Bibi, ulikuwa wa kumi. Sasa ni wa tisa. Umesogea pale alipokuwa yeye."

Fundi cherehani aliligeuza jicho lake kwenye mwanga wa kioo, akautafuta mstari ambao hakuweza kuusoma.

"Ndivyo alivyo," alisema. "Siku zote ananipisha nikae."